Ukurasa wa Afya: Malengelenge ya Siri na Sitara ya Nyumba



Mwezi huu ukurasa wa afya tumeuweka mwisho wa jarida, katika karatasi ya peke yake, ili mzazi asiyetaka watoto wausome aweze kuuchomoa. Tumefanya hivyo kwa kuziheshimu nyumba zenu. Jambo lenyewe, hata hivyo, hatukuweza kuliacha, kwani tumeletewa barua, na mwenye barua anangoja jawabu.

Aliyetuandikia hakutaja jina, nasi hatukulitafuta. Ni mama aliyeolewa kwa nikahi miaka mingi, wala hajamjua mwanamume mwingine ila mumewe. Alishikwa na homa, tezi za kinenani zikamvimba, kisha yakamtoka malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda, hata haja ndogo ikawa ni mateso. Alikwenda kwa daktari, na kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo, mfasiri wake alikuwa binti yake wa miaka 12. Daktari alilitaja jina la maradhi. Binti hakulijua kwa Kiswahili, akasema tu, "Mama, ni vidonda." Karatasi waliyopewa ilisomwa nyumbani na shemeji, naye ndiye aliyetamka kwamba huo ni ugonjwa wa zinaa. Tangu siku ile mume analala sebuleni, na mke hapokei simu za dada zake. Swali lake kwetu ni fupi: "Mimi nimefanya nini?"

Ewe mama, jawabu letu la kwanza ni hili: kwa maradhi haya peke yake, hakuna mtu awezaye kusema kwamba wewe umekosa, wala kwamba mumeo amekosa. Twalisema hili kwa kutegemea elimu ya tiba, wala si kwa kukupoza moyo tu.

Maradhi hayo madaktari huyaita herpesi. Huletwa na virusi vya namna mbili. Namna ya kwanza ndiyo aghalabu huleta vile vidonda vya midomoni ambavyo sisi husema mtu ametokwa na homa ya mdomo. Wengi wetu tuliipata utotoni, kwa busu la shangazi au la bibi. Namna ya pili hukaa zaidi sehemu za siri. Lakini namna ya kwanza nayo yaweza kuhamia huko, kutoka kinywani mwa mume au mke, bila ya mtu wa tatu kuhusika.

Tena virusi hivi vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu, chini ya uti wa mgongo, na huweza kulala huko miaka na miaka. Wako waliopatwa na vidonda vya kwanza siku chache tu baada ya kuambukizwa, na wako wasioona chochote mpaka mwili ulipodhoofika kwa maradhi mengine au kwa uchovu. Wengi zaidi hawaoni dalili maisha yao yote, na huku wanaweza kuambukiza bila kujua. Katika nyumba zetu wamo waliooa wajane, wamo walioachika na kuolewa tena, na wamo wenye wake wawili. Virusi vilivyoingia katika ndoa ya kwanza ya halali vyaweza kujitokeza katika ndoa ya pili ya halali. Daktari akipangusa kidonda kwa kijiti cha pamba na kukipeleka maabara, ataambiwa ni virusi vya namna gani. Nani alikuwa navyo mwanzo, na tangu lini, maabara haiwezi kumwambia.

Basi tazameni namna lugha yetu inavyomhukumu mgonjwa kabla hajasikilizwa. Tumezoea kusema "magonjwa ya zinaa", katika vitabu vya shule na katika mabango ya hospitali. Zinaa ni neno la sheria, na katika dini yetu ni tuhuma nzito mno, hata Sura ya An-Nur imeweka adhabu kwa mwenye kumtuhumu mwanamke mwenye heshima pasi na mashahidi wanne. Matokeo ya maabara hayamo katika mashahidi hao. Hatusemi kwamba hakuna wakosaji, kwani binadamu ni binadamu. Tunalosema ni kwamba kidonda hakitoi ushahidi, na shemeji aliyesoma karatasi hakupewa ukadhi. Sisi katika ukurasa huu tutasema maradhi yaambukizwayo kwa kujamiiana, ingawa ni maneno marefu.

Wala mama huyu hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana herpesi ya sehemu za siri, yaani zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Hapa Kanada, uchunguzi wa damu uliofanywa kati ya 2009 na 2011 ulionyesha kuwa takriban mtu 1 katika kila 7 wa umri wa miaka 14 hadi 59 alikuwa na namna ya pili, na wengi wao hawakuwa na habari. Nchini Kenya, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulikuta namna hiyo ya pili kwa takriban watu 35 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 64. Kwa hesabu hizo, katika ukumbi wowote wa harusi tunaokutana hapa Toronto, wamo wenye maradhi haya, wamevaa vizuri na wanakula biriani pamoja nasi.

Tuje kwenye dawa. Dawa ya kuving'oa virusi kabisa haijapatikana. Lakini ziko dawa za kuvituliza, na kongwe yao ni asaiklovia. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndiyo iliyoizalisha, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1988. Mgonjwa akianza kuinywa mapema, vidonda hupona upesi zaidi na maumivu hupungua. Mashambulizi yakiwa ya mara kwa mara, daktari humpa mgonjwa kidonge cha kila siku. Kwa kawaida mara ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, na huweza kuchukua wiki 2 au 3. Zinazofuata huwa fupi, na kadiri miaka ipitavyo huzidi kuadimika.

Nyumbani, kukaa katika beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi husaidia, na anayepata taabu ya haja ndogo aweza kuitoa humo humo. Vaeni nguo za pamba zisizobana. Msitie ndimu, siki, dawa ya meno wala majani yaliyopondwa juu ya kidonda. Nawaombeni mnawe mikono baada ya kugusa vidonda, na msiguse macho. Zaidi ya hayo, maradhi haya hayaambukizwi kwa sahani, kwa choo, kwa maji ya kuogea, wala kwa kuketi pamoja. Hakuna sababu ya kumtengea mtu kikombe chake.

Kuhusu unyumba, mke na mume na wajizuie tangu dalili za mwanzo, yaani mwasho au mchonyoto, mpaka ngozi ipone kabisa. Baada ya hapo, mpira wa kiume hupunguza hatari, ingawa hauiondoi yote. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kuwa kidonge cha kila siku, anachokunywa mwenye virusi, hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa takriban nusu. Mama mjamzito asimfiche mkunga. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, jambo hilo ni nadra lakini ni la hatari kubwa. Akijua mapema, daktari humpa mama dawa tangu wiki ya 36, na vidonda vikionekana siku ya uchungu, mtoto hutolewa kwa upasuaji. Wanawake wengi wenye maradhi haya wamezaa salama.

Herpesi si Ukimwi, wala haigeuki kuwa Ukimwi. Lakini mwenye namna ya pili huambukizwa virusi vya Ukimwi kwa wepesi zaidi. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania watafiti walijaribu kuona kama asaiklovia ingewakinga wanawake na hatari hiyo, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Kwa hiyo anayekutwa na herpesi na apimwe maradhi mengine pia.

Wazee wetu walikuwa na methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni methali ya kweli, lakini humlaumu mfichaji peke yake. Je, aliyemfanya aogope kusema hana lawama? Kwetu pwani, bibi harusi alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunza mambo ya unyumba na aliyebaki kuwa msiri wake hata baada ya harusi. Aibu ya mwanamke ilikuwa na mahali pa kwenda. Tulipohamia huku tulibeba kanga na mbuzi za kunazia, lakini somo wengi wetu tumemwacha nyuma. Sasa mwanamke yuko orofa ya 14 huko Etobicoke au Scarborough, theluji nje, na msiri wake ni mtoto wa miaka 12. Wanaume nao, ambao hawakuwahi kuwa na somo, ndio hawana kabisa wa kumwambia.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila mzazi ni hili: msimfanye mtoto mfasiri wa maradhi yenu. Mnapochukua miadi ya daktari, semeni mapema kwamba mnataka mkalimani wa Kiswahili. Mkichelea kwamba mkalimani ni mtu wa jamaa zetu atakayewatambua, ombeni wa kwa simu, na msiwe na haja ya kumtajia jina. Mwanamke aweza pia kuuliza kama kuna daktari au muuguzi wa kike. Sheria ya Ontario ya mwaka 2004 kuhusu siri za afya humzuia daktari, muuguzi na karani kutoa habari zenu bila idhini, hata kwa mume, hata kwa imamu.

Wako wanaoogopa kwamba herpesi itawaharibia karatasi za uhamiaji. Maradhi haya hayamo katika vipimo vya afya vya uhamiaji wa Kanada, ambavyo hutazama kifua kikuu, kaswende na Ukimwi. Wala asiyekuwa na kadi ya afya asikate tamaa. Kliniki za afya ya uzazi na kujamiiana za Idara ya Afya ya Umma ya Toronto hazitozi malipo wala hazidai kadi. Kliniki ya Hassle Free, iliyoko Gerrard Street East, imekuwa ikifanya kazi hii tangu mwaka 1973. Kituo cha Women's Health in Women's Hands, katikati ya mji, kiliundwa kwa ajili ya wanawake Weusi na wa jamii nyingine za wahamiaji.

Kwa vijana wanaoposa na kuposwa, na kwa wajane wanaotaka kuolewa tena, neno letu ni zito kidogo. Anayejua kwamba ana maradhi haya na amweleze mwenzake kabla ya nikahi, kwani kumficha ni kumdhuru. Na aliyeelezwa, akikubali au akikataa, siri ile imekuwa amana shingoni mwake. Akiitoa nje, amevunja amana.

Turudi kwa mama yetu. Twakushauri usubiri saa ambayo watoto wamelala na hakuna ugomvi, umwambie mumeo kwamba mna miadi ya watu wawili, wewe na yeye. Mwende pamoja, muonwe wote, mkalimani awepo, na daktari amweleze yeye mwenyewe habari hii ya virusi kulala miaka mingi. Kama mumeo anasoma ukurasa huu, basi twamwambia kwa heshima: ndugu yetu, huenda virusi hivyo vilikuwa mwilini mwako kabla hujamjua, nawe hukujua. Mke wako ameugua. Rudi chumbani kwako umuulize anaendeleaje.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atusitiri duniani na akhera, na atupe ndimi zenye kuhurumia. Amin.

Kikaratasi cha kukata na kuweka mkobani:

Simu ya Ontario ya afya ya kujamiiana, bure, bila kutaja jina: 1-800-668-2437.
Idara ya Afya ya Umma ya Toronto, kuulizia kliniki iliyo karibu: 416-338-7600.
Ushauri wa muuguzi, usiku na mchana: 811.
Naseeha, simu ya Waislamu kwa wenye dhiki ya moyo: 1-866-627-3342.
Aliyefikia kutamani kufa asingoje asubuhi: 988, kwa simu au ujumbe, saa zote.

Wabillahi tawfiq.