Kuvunja kikombe kizima juu ya yatima: sisi tunakataa

Katika chama chetu kumetokea shauri ambalo tunapenda kulijibu waziwazi. Wamoja wanasema: tununue vikombe vya udongo sokoni, tuvivunje kwa nyundo, tuviunganishe kwa kole ya duka na rangi ya zahabu, halafu tuviuze kwa wageni ili tupate franga za yatima. Eti hiyo ni kintsugi, desturi ya Wajapani.

Sisi tunasema hapana. Ile si kintsugi hata kidogo. Fundi wa Kijapani havunji. Anatengeneza kitu kilichovunjika chenyewe, ambacho mwenyewe alikipenda. Tena anatumia utomvu wa mti unaoitwa urushi, wa jamaa moja na mwembe wetu (unawasha ngozi vibaya sana!). Anauchanganya na unga wa ngano, anabandika vipande, anaweka chombo mahali penye joto na unyevu, maana utomvu ule unataka hewa yenye maji ndipo ushike. Anangoja siku nyingi, anasugua, anapaka tena. Zahabu inakuja mwisho kabisa, unga kidogo tu wa kunyunyiza juu ya mstari. Kazi inaweza kula mwezi na zaidi. Nani kati yetu atangoja mwezi?

Na zahabu yenyewe si lazima. Katika jumba la makumbusho la Tokyo kuna bakuli moja la Kichina, linaitwa Bakohan. Masimulizi yaliyoandikwa mwaka 1727 yanasema Ashikaga Yoshimasa, mtawala wa karne ya 15, alilituma China akiomba lingine kama lile. Kule halikupatikana, wakalifunga kwa vyuma, wakalirudisha. Vyuma vile viko mpaka leo, na Wajapani wanalihesabu kuwa hazina. Hata kwetu kibuyu kikipasuka kinashonwa. Nani amekwisha kukipasua kusudi apate kukishona?

Wenzetu watajibu: lakini yatima atakula! Ni kweli, njaa haiulizi franga zimetoka wapi. Lakini mgeni atakayenunua tutamwambia kikombe kilikuwa cha nani? Tutamdanganya, na mbele ya watoto.

Basi tupite nyumba kwa nyumba, tuombe vyombo vilivyovunjika kweli: sahani ya harusi, chungu cha nyanya. Tuvitengeneze polepole, hata kwa kole (visitiliwe chakula tena), bila kuviita vya Kijapani. Mwenyewe alipe kazi, feza iende kwa yatima. Na vile vikombe vizima vya sokoni tuwapelekee watoto wenyewe, wanywee chai.