Kicheko cha Wodini

Wapo wanaodai kwamba hospitali si mahali pa kuchekea, na kwamba mchezo unaowaweka wagonjwa jukwaani ili watazamaji wacheke ni dharau kwa kila aliyelala kitandani akimsubiri daktari. Mimi nalikataa dai hilo. Watu wetu wamecheka mbele ya ugonjwa, na hata mbele ya kaburi, tangu kale, nao walijua wanafanya nini. Ninachokilaumu ni kitu kingine, nacho huchezwa katika kumbi za shule zetu bila ya walimu kuona haya.

Tuanze ugenini. Kati ya mwaka 1979 na 1982 televisheni ya Uingereza ilionyesha mfululizo wa vichekesho ulioitwa Only When I Laugh, ulioandikwa na Eric Chappell. Jina hilo latokana na mzaha wa zamani wa mtu aliyejeruhiwa ambaye, alipoulizwa kama anasikia maumivu, alijibu: ninapocheka tu. Wagonjwa ni watatu: Figgis, dereva wa lori, mchokozi na mjuzi wa kila jambo, Glover, bwana wa tabaka la juu, na Norman, kijana mpole asiye na ujanja. Wote watatu wamo katika wodi moja, wote wamevaa nguo za kulalia, na wote wako chini ya daktari mmoja mpasuaji, Bwana Thorpe, ambaye kiburi chake ndicho kinachotobolewa kila mara. Dereva na bwana mkubwa wamekutanaje? Wamekutana kwa sababu tangu tarehe 5 Julai 1948 taifa lile lilikuwa na huduma ya afya ambayo mgonjwa hailipii kitandani. Pasingekuwa na sheria ile, mchezo ule usingekuwapo.

Siusifu wote. Muuguzi wao, Gupte, ni Mhindi, na mara nyingine anachekwa kwa sababu hiyo tu. (Aliyemwigiza, Derrick Branche, alisoma Panchgani huko India na kupiga muziki katika bendi moja na mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury.) Lakini kwa jumla kicheko cha mchezo ule kinapanda: kinatoka kwa aliyelala na kumfuata aliyesimama.

Chetu kinashuka. Ndugu msomaji, unaujua mchezo wenyewe. Mzee anaingia zahanati na mgolole wake. Muuguzi anamwuliza anaumwa nini; mzee anajibu jambo jingine, tena kwa Kiswahili kilichopinda. Anapewa dawa ya kupaka, anainywa. Ukumbi unaanguka kwa vicheko. Na mara nyingi mno mzee huyo amefanywa kuwa Mha, mtu wa mwisho wa reli.

Kwa nini Mha? Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho wamekwisha eleza kwamba vichekesho vya namna hii vilichipuka katika shule za wakati wa Waingereza, na shabaha yake ilikuwa mtu wa kijijini asiyejua ustaarabu wa mkoloni. Wakati huohuo Kasulu na Kibondo ziligeuzwa shamba la kuvunia vibarua. Vijana wetu walisombwa kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 kilikuwako chombo maalumu cha wenye mashamba, SILABU, cha kuwaandikisha. Kila mmoja alipewa namba, naye akaitwa manamba. Watu wa pwani walimjua Mha akiwa na namba hiyo, na Kiswahili alichojifunza katika safu za mkonge ndicho kinachochekwa mpaka leo. Mzaha huo haukutungwa na watoto wetu. Waliurithi kwa mnyapara.

Nao haumwelezi hata huyo mzee. Mzee wa Kitahana haingii mbele za watu akaanza kutaja tumbo lake. Hupiga makofi taratibu, huamkia, huulizia watu wa nyumbani, ndipo huja kwenye shida. Anapokutana na kijana wa miaka ishirini anayemwuliza bila salamu, ‘Haya, unaumwa wapi?’, mshamba katika chumba kile ni nani? Wanasema pia kwamba anaogopa dawa kwa ujinga. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kibondo kutoka katika makazi yao kwa sababu ya malale. Mwenye babu aliyeacha migomba yake kwa amri ya bwana mganga ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kumeza kidonge.

Hapa patasemwa: hata utani ni kudhihaki! Naam, lakini utani una masharti. Mtani wako aweza kuja msibani akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Lakini yeye huyo atabeba jeneza, na kesho akifiwa utamlipiza. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana hivyo tangu siku za misafara. Mzee wa zahanati hana zamu ya kumjibu aliyemwigiza, na aliyemwigiza hadaiwi chochote kwake. Sasa jambo hilo utaliitaje utani?

Kiswahili ni lugha ya Taifa, nami nimekitungia mashairi maisha yangu yote; sitaki kitumike kama fimbo. Wenzetu wa Kenya, katika Vioja Mahakamani, wameigeuza mahakama kuwa jukwaa, ingawa nao hujisahau wakachekea lafudhi. Wodi yetu ina mambo makubwa zaidi ya lafudhi. Mwaka 1977 tulipiga marufuku hospitali za kibiashara. Mwaka 1991 tukaziruhusu. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Hapo pana michezo kumi, na hakuna hata mmoja unaohitaji mzee wa kunywa dawa ya kupaka.

Walimu wa Kasulu na Kibondo wajaribu muhula ujao. Wawape wanafunzi vitanda vitatu: kimoja cha mkulima wa maharage, kimoja cha karani wa wilaya, kimoja cha mfanyabiashara aliyetaka chumba cha peke yake akakikosa. Daktari apite asubuhi kwa haraka, kama kawaida yao. Mkulima apige makofi na kuamkia kwa Kiha, kirefu, mpaka mwisho, na daktari asiruhusiwe kuondoka jukwaani mpaka ajifunze kuitikia.