Daktari wa Moyo na Mabomu

Wapo wadaio kwamba mtaalamu hana kazi nje ya maabara. Dai hilo halisimami mbele ya mfano wa Dk. Bernard Lown wa Boston, Marekani, aliyefariki mwaka 2021.

Alitafiti vifo vya ghafla vitokanavyo na moyo kupoteza mapigo yake. Umeme wa mkondo geu, uliotumika awali kuushtua moyo, ulidhuru misuli. Mwaka 1962 yeye na wenzake walitangaza njia iliyo salama zaidi: mshtuko mfupi wa mkondo mnyofu.

Utafiti huohuo ulimkutanisha na Dk. Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovieti. Je, wahangaikie mgonjwa mmoja mmoja, wanyamazie silaha za kuteketeza miji? Walikataa. Umoja wa madaktari wapingao vita vya nyuklia, waliouasisi na wenzao mwaka 1980, ulipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985.