Haujulikani kwa Nani?

Kuna neno linanikera katika maandishi yetu ya muziki: "usiojulikana". Mtu kashuka basi la Kilwa stendi ya Kibiti, kajaziwa nyimbo kwenye memori kadi kwa buku mbili tu ili asilale njiani, akifika Dar anatuandikia eti kagundua muziki usiojulikana. Haujulikani kwa nani? Wimbo huohuo bodaboda wa Ikwiriri anao. Umepigwa kwenye ngoma za harusi Bungu, umevuka na boti kutoka Nyamisati hadi Mafia. Mgeni ni yeye.

Sisemi tusinunue. Nunueni! Kadi hizi za bei ya kutupa zina raha yake: kijana wa kibandani amekuwekea anachokipenda yeye, mdundiko ubavuni mwa singeli, kaswida inafuatia taarabu, na hakuna mashine iliyokupangia kwa sababu ya ulichosikiliza jana. Mimi ninazo kadhaa, zote za kununua bila kupanga. Lakini fungua kadi usome majina ya nyimbo. AUDIO-007. Track 3. Kibao Kipya. Mwimbaji yuko wapi? Watu wamecheza, yeye kabaki hana jina, na asiye na jina mrabaha ataudai wapi?

Msisingizie teknolojia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na leo bado tunajua ni nani aliyeimba. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, huyuhuyu tunayemnukuu kila tukitaka kuonekana wasomi. Hakuona kwamba mwimbaji ni mada ndogo. Na mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso, wasanii wa singeli wa Dar walitajwa mmoja mmoja, mpaka Wazungu wakawajua. Sisi tunaoweza kuuliza kwa Kiswahili, "Huyu nani, ndugu yangu? Wa kijiji gani?", ndio tunaandika "msanii hakufahamika". Hakufahamika, au hakuulizwa?

Kuuliza hakugharimu hata mia. Muuzaji asipomjua, atakuelekeza kwa anayemjua. Kibiti si Kariakoo. Uliza kabla konda hajagonga bodi, badilisha hiyo AUDIO-007 iwe jina la mtu, halafu ndiyo uje utuambie midundo ilivyokukosha.