"Mjomba, breki ya nini?"

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu hapa Nairobi, alibisha hodi akiwa amebeba baiskeli begani. Si kwamba ilikuwa na pancha. Hakutaka tu ikanyage matope ya uani kwetu.

Ilikuwa baiskeli kuukuu ya mashindano: fremu nyembamba ya chuma, rangi ya samawati iliyobabuka, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Aliinunua Gikomba kwa vijisenti alivyodunduliza muhula mzima. Mke wangu aliizunguka mara mbili, kisha akauliza, "Na keria iko wapi? Hii itabeba nini?"

Msomaji, usimcheke. Sisi tuliokulia mashambani baiskeli tuijuayo ni Black Mamba, ile nyeusi, nzito, isiyoogopa gunia la mahindi wala mikebe ya maziwa. Kuipenda baiskeli kwa umbo lake tu ni jambo geni kwetu. Lakini mpwa wangu hayuko peke yake. Huko Gaiole, katika eneo la Chianti nchini Italia, tangu mwaka 1997 hufanywa safari iitwayo L'Eroica, na anayetaka kushiriki sharti aje na baiskeli ya zamani ya mashindano, ya chuma kama hiyo. Mwaka wa kwanza walikuwa watu 92. Siku hizi huja maelfu, wazee kwa vijana, wamevaa fulana za sufu za enzi za babu zao, wakitimua vumbi jeupe la barabara za huko.

Hadi hapo tulikuwa tunasikilizana. Kisha nikajaribu kurudisha pedali nyuma kwa mkono, nikaona gurudumu nalo linarudi nyuma.

"Haina friwili, mjomba," akasema kwa majivuno. "Fundi ameitoa. Jumatatu nitamrudia aondoe breki pia. Breki ya nini?"

Hebu nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuiona. Kwa baiskeli ya kawaida, ukiteremka mlima unaacha miguu itulie, na friwili hulia tik tik tik. Hii haijui mapumziko. Maadamu gurudumu linazunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako pamoja nazo. Ukitaka kupunguza mwendo, unazipinga pedali kwa miguu. Waipendao husema mtu huihisi barabara kupitia nyayo zake, nami nakubali kuna raha fulani hapo. Tena haina mengi ya kuharibika.

Wala si mtindo wa juzi. Mfaransa Henri Desgrange, aliyekuja kuanzisha Tour de France mwaka 1903, aliweka rekodi mjini Paris mwaka 1893 kwa kwenda kilomita 35.325 kwa saa moja juu ya baiskeli isiyo na friwili. Mzee huyo alizichukia gia za kubadilisha, na mabingwa wa Tour hawakuruhusiwa kuzitumia hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo, mtu akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wa meno mengi zaidi, ndipo akaupanda. Naye Eddy Merckx wa Ubelgiji, alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico City mwaka 1972, hakuwa na friwili wala breki.

Mpwa wangu aliposikia jina la Merckx alipiga makofi. "Si unaona, mjomba!"

Ninaona. Lakini Merckx alikuwa peke yake uwanjani. Katika uwanja wa mbio za baiskeli wote huelekea upande mmoja. Hakuna matatu inayokata kona kufuata abiria, hakuna mkokoteni, hakuna mtoto anayekimbilia mpira. Hata breki yenyewe huko ni hatari, maana mmoja akiifunga ghafla walio nyuma wanamvamia. Wajapani, walioanza mbio zao za keirin mjini Kokura mwaka 1948, hukimbizana bila breki mpaka leo. Lakini huko ni uwanjani.

Jogoo Road ni mambo mengine. Unaposimama ghafla, uzito huegemea mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi na kuanza kuteleza juu ya lami. Basi hata uwe na mapaja kama magogo, miguu yako inalizuia gurudumu lile lile lisiloweza kukusimamisha upesi. Kazi hiyo ni ya breki ya mbele.

Nikamweleza kisa cha London. Mwezi Februari 2016 kijana wa miaka 18, akiendesha baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele, alimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Mama huyo wa watoto wawili alifariki baada ya siku chache. Sheria ya Uingereza inaikubali baiskeli isiyo na friwili barabarani, mradi iwe na breki ya mbele. Mwaka 2017 mahakama ilimwondolea kijana shtaka la kuua bila kukusudia, lakini ikamfunga miezi 18 kwa kuendesha ovyo na kumjeruhi mtu.

Mpwa wangu alinyamaza. Nadhani alikuwa amejiandaa kuniambia kwamba akianguka ataumia yeye mwenyewe. Hakuwa amemfikiria anayevuka. Mimi nilikuwa nikimfikiria dada yangu kule nyumbani, na simu ambayo ningelazimika kumpigia.

Tukapatana. Friwili isirudi, breki ya mbele ibaki. Alilalamika kwamba kebo yake inaharibu sura ya baiskeli, nami nikaahidi kununua raba mpya za breki kwa pesa zangu, kwani zilizokuwapo zilikuwa zimekauka kama kwato.

Kisha akanishawishi niijaribu. Nilikwenda vizuri hadi kwenye kioski, nikasahau, nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea tangu utotoni. Pedali hazikusahau. Zilininyanyua kutoka kitini, nikatua kwenye ua wa jirani, ndala moja huku, nyingine kule. Mke wangu alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Ingekuwa na keria," akasema, "tungekubeba nayo hadi nyumbani."