Majarida ya vyuo yafike Kibera



Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora ramani ya mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, na watafiti wakapata la kuandika. Lakini mkazi wa huko, au wa Kawangware, akitafuta makala zinazomhusu, mara nyingi anadaiwa dola ndipo asome.

Si lazima iwe hivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi huweka majarida yake mtandaoni kwa Open Journal Systems, programu ya bure kutoka mradi ulioanzishwa Kanada mwaka 1998 na John Willinsky.

Programu ni bure, kazi, hasha! Nani atawakumbusha wahakiki? Nani atalipia seva? Wahadhiri huzindua jarida kwa vifijo, toleo la pili likachelewa, la tatu lisionekane. Mhariri akihamia chuo kingine, nywila huondoka naye. Maktaba ya chuo haihami. Ina wakutubi wanaojua kuorodhesha na kuhifadhi, basi ikabidhiwe jarida lenyewe, pamoja na fungu lake katika bajeti.

Na kila makala kuhusu mitaa hii iwe na muhtasari wa Kiswahili, nakala ipelekwe maktaba ya umma ya Kibera.

Msomaji, Kawangware