Wangazija Wametuacha, Nasi Twapiga Makofi

Mbona hamkasiriki?

Nauliza kwa sababu nakaa nanyi barazani hapa Matondoni, Lamu, nawasikiliza kila baada ya mechi ya Harambee Stars, na neno ni lile lile: bahati mbaya. Madagascar wametutoa kwa penalti, bahati mbaya. Gambia wametutandika 3-1 Kasarani, bahati mbaya. Ivory Coast wametumalizia kwa 3-0, aa, wale ni wakubwa, tungewafanya nini?

Bahati gani hii, ndugu zangu, isiyotukosa hata siku moja?

Si bahati. Ni kazi mbovu, inafanywa mchana kweupe, nasi twaiangalia. Na mwenye macho haambiwi tazama.

Nianze na linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu wa Lamu hana pa kulikimbilia. Wangazija, watu wa Komoro. Hawa si wageni kwetu. Tumesafiri nao, tumeoana nao. Habib Saleh, aliyeasisi msikiti wa Riyadha, alikuja Lamu akitokea kwao. Nchi yao yote haifikishi watu milioni 1. Wameingia FIFA mwaka 2005, juzi tu. Sisi FIFA tumo tangu 1960, na sensa ya 2019 imetuhesabu zaidi ya milioni 47.

Novemba 2020 Wangazija walikuja Nairobi wakatoka 1-1. Siku nne baadaye, Moroni, wakatufunga 2-1. Wao wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), sisi tukabaki nyumbani tukilaumu refa, nyasi na corona.

Hawakuishia hapo. Januari 2022, huko Kameruni, waliifunga Ghana 3-2 wakaifungisha virago. Ghana! Yenye makombe manne ya Afrika! Raundi iliyofuata wakapangwa na wenyeji, na makipa wao hakuna hata mmoja aliyeweza kucheza. Mnakumbuka walifanya nini? Walimvisha glavu beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, wakamsimamisha golini. Dakika ya 7 wakapewa kadi nyekundu, wakabaki 10. Wakafungwa 2-1 tu, na bao lao lilikuwa la mpira wa adhabu ambao mpaka leo nikiutazama nasimama.

Nyinyi nyote mliwashangilia usiku ule. Nami niliwashangilia. Lakini kuna aliyejiuliza sisi tulikuwa wapi? Mwezi mmoja baadaye, Februari 2022, FIFA iliifungia Kenya. Serikali ilikuwa imelivunja shirikisho, shirikisho nalo likagoma kuvunjika, wakubwa wakapimana nguvu, na timu ikapotea kwenye soka ya dunia mpaka Novemba. Tiketi ya kuwania AFCON iliyofuata tukanyang'anywa hata bila kugusa mpira. Na haikuwa mara ya kwanza kufungiwa. Ilishatokea 2004. Ikarudi 2006. Mtu akiumwa na nyoka mara tatu kwenye shimo moja, tumlaumu nyoka?

Sasa nawapa hesabu ambayo hamtaki kuipiga. Wangazija walimpa timu Amir Abdou mwaka 2014, wakamwacha nayo mpaka 2022. Kocha mmoja. Muda huo huo sisi tumekuwa na Adel Amrouche, Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob Mulee, na Engin Fırat. Wanane! Paul Put hata miezi minne hakuimaliza. Na Amrouche, baada ya kumfukuza, tuliamriwa na FIFA tumlipe zaidi ya shilingi milioni 100. Milioni 100 za kumlipa mtu asifanye kazi!

Hapa Matondoni hakuna mtoto asiyelijua hili. Chombo kinaanza na mkuku. Fundi akishaulaza mkuku, mataruma yanaufuata, mbao zinayafuata mataruma, kalafati ni mwisho. Ukimfukuza fundi kila anapolaza mkuku ukamleta mwingine, naye akaung'oa alaze wake, utakuwa na lundo la mbao pwani na deni la mbao dukani. Jahazi hutaliona. Tena wazee walishasema: nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mnadhani natia chumvi? Mkumbukeni Kimanzi. Novemba 2019 aliipeleka timu Misri, akatoka 1-1 na Misri yenyewe, nyumbani kwao. Oktoba 2020 tukaifunga Zambia 2-1 kwenye mechi ya kirafiki. Timu ilianza kuwa na sura, beki anajua pa kusimama, kiungo anajua wa kumpasia. Kisha Oktoba hiyo hiyo, wiki chache tu kabla ya zile mechi za Wangazija, kocha akaondoka, akaletwa mwingine. Halafu tunauliza kwa nini tulifungwa Moroni.

Haya, tuje kwenye uchezaji wenyewe, maana wapo wanaosema shida ni viongozi tu, vijana hawana makosa.

Tazameni robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za ndani tu, tarehe 22 Agosti 2025. Kasarani imejaa. Tumetoka kuwafunga Kongo 1-0, Zambia 1-0, na Morocco 1-0 tukiwa 10 uwanjani, Morocco hao hao waliokwenda kulibeba kombe. Kipindi cha pili kinaanza, Alphonce Omija anafunga. Ukumbi mzima tunaotazamia unaruka. Na kuanzia hapo tukafanya nini? Tukarudi nyuma. Winga akawa beki. Mshambuliaji akawa kiungo wa kukaba. Mpira unaokolewa juu, unamkuta Mmadagascar, anaurudisha. Unaokolewa tena, anaurudisha tena. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akipiga kelele, "Shikeni mpira! Shikeni mpira!" mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeushika. Penalti, 1-1. Muda wa nyongeza, tumechoka. Mikwaju ya penalti, 4-3, kwaherini.

Wanaita kulinda bao. Bao halilindwi kwa kumpa mpira anayelitafuta!

Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Septemba, wakaja Gambia. Safari hii tuna wachezaji wetu wa nje, hakuna kisingizio cha CHAN. Walishatufunga matatu ndipo nasi tukapata la kufutia machozi. Beki wanatazamana. Pasi tatu, ya nne inarudi kwa kipa, kipa anabutua mbele, nani kaupata? Mungu ndiye ajuaye. Ukiniuliza Kenya inacheza mfumo gani, sikujibu. Sina jibu. Ulizeni Morocco wanachezaje, hata muuza madafu atawaeleza.

Na bado kuna mambo ya pesa. Wakati wa CHAN kila ushindi ulitangaziwa zawadi: shilingi milioni 1 kwa kila mchezaji, ikafika milioni 2.5 kwa mechi ya Zambia, nyumba zikatajwa. Siwaonei wivu vijana, walipwe, jasho ni lao. Lakini hebu fikirini. Nchi inayotoa mamilioni mchezaji akishashinda ilitoa kiasi gani alipokuwa na miaka 12? Tunalipia matokeo, kazi yenyewe hatuilipii. Engin Fırat aliondoka Desemba 2024 akilalamika kwamba mkataba wake haukuheshimiwa. Kocha analia mshahara, halafu wiki ya mechi kubwa magunia ya pesa yanafunguliwa mbele ya kamera. Nanyi mkapiga makofi! Niliwaona.

Ndiyo, nawasema nyinyi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hii timu tumeichelea mno. Benchi ya Arsenal mnaijua mpaka kipa wa tatu. Mnajua Manchester United wamemnunua nani, kwa kiasi gani, ana jeraha gani la goti. Nitajieni beki wa kulia wa Kenya. Haya! Mkiulizwa mnasema, "Aa, hao tumewazoea." Mmezoea! Mtu akizoea kufungwa, atamdai nani?

Nasi tumezoea mengi. Tumekwenda AFCON mara sita, 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na hakuna hata mara moja tuliyovuka makundi. Tulipewa AFCON ya 1996 tukanyang'anywa, ikaenda Afrika Kusini, wakaiandaa na wakaibeba. Tukapewa CHAN ya 2018, tukanyang'anywa tena kwa sababu ya viwanja, ikaenda Morocco, nao wakaibeba. Mwaka 2013 tukaahidiwa viwanja vipya vitano vya kimataifa, kimojawapo Mombasa. Juni 2024 "mechi za nyumbani" za kuwania Kombe la Dunia tumezichezea Lilongwe, Malawi. Septemba tukahamia Kampala. Nyumbani kwetu, Kampala!

Nairobi nako umeanza kujengwa uwanja wa Talanta, wa watu 60,000. Vizuri, sina kinyongo. Lakini mtu wa Matondoni akitaka kuiona timu yake kwa macho yake, apande boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha gari jingine mpaka Nairobi, na akifika akute tiketi zimekwisha. Na safari ya upande wa pili? Ni lini kocha wa timu ya taifa, wa wakubwa au wa watoto, alivuka maji kuja kutazama vijana wa visiwani wanacheza? Vijana hawa mnawaona jioni maji yakitoka, milingoti ya goli ni boriti za mikoko, nusu yao peku. Yupo mmoja hapa anayepiga mpira kwa mguu wa kushoto ukakata kona kama ana ugomvi nao. Ana miaka 15. Mwakani atakuwa kwenye mashua akivua au kwenye bodaboda Mokowe, na hakuna daftari la kocha yeyote nchini litakaloandikwa jina lake. Msiseme Pwani haina vipaji. Mwaka 1965 ligi ya Kenya ilichukuliwa na Feisal ya Mombasa.

Nikifika hapa najua mtakachosema. "Basi McCarthy afukuzwe."

La! Hapo ndipo mnaponichosha kabisa. Benni McCarthy ameshika timu Machi 2025. Alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto mwaka 2004, mpira anaujua. Amekosea? Amekosea. Kule kurudi nyuma dhidi ya Madagascar ni kwake. Yale mabao ya Gambia ni yake, na ile 2-1 ya Gabon pale Nyayo, mwezi wake wa kwanza, nayo ameandikiwa. Ajibu. Aulizwe kwa ukali, na msemaji wa shirikisho asijibu kwa niaba yake. Lakini mkimfukuza, mtamleta nani? Wa kumi? Wa kumi na moja? Naye atang'oa, ataanza upya, na sisi tutarudi barazani kusema bahati mbaya. Mnafikiri kupiga kelele "kocha atoke" ni kukasirika. Hiyo ni njia nyepesi ya kulala tena. Viongozi wanaipenda sana, kwa sababu kila anapofukuzwa kocha, hakuna anayewauliza wao.

Hasira yenye maana inauliza maswali yasiyopendeza. Mkataba wa kocha una malengo gani, na yameandikwa wapi? Mshahara wake unalipwa kwa wakati? Nani ametumwa Pwani, Kaskazini Mashariki, Turkana, kutafuta vijana, na amerudi na majina ya nani? Vijana wa chini ya miaka 20 walifuzu AFCON yao ya mwaka 2025, wakaenda Misri. Wako wapi leo? Wangapi wanacheza kila wiki? Wangapi wamepandishwa kwenye kikosi cha wakubwa, na wangapi wamesahaulika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta walipotua?

Kwa sababu 2027 inakuja. AFCON imepangwa kufanyika kwetu, Uganda na Tanzania, na sisi tunaingia kwa mlango wa mwenyeji. Hatutafuzu, tutaandaliwa kiti. Mwenye kiti cha bure hujisahau. Tanzania wenzetu wameshafuzu 2019, 2023 na 2025, wanakuja kwenye sherehe hii wakiwa wamezoea meza kubwa. Sisi mara ya mwisho kuikalia ni 2019, tukafungwa na Algeria, tukawafunga hao Watanzania 3-2, kisha Senegal wakatuchapa 3-0 tukarudi.

Mwakilishi wetu bungeni akija Matondoni kuomba kura mwaka huo huo wa 2027, na atakuja na jezi na mipira kumi kwenye gunia kama wanavyokuja wote, msimpokee kwa ngoma. Mkalisheni barazani. Mwulizeni Mombasa imepata uwanja gani katika vile vitano vya 2013. Mwulizeni yule kijana wa mguu wa kushoto atapelekwa wapi kufanyiwa majaribio, lini, na nauli ya boti analipa nani. Akianza kuwaeleza habari za bahati, mrudishieni mipira yake.